Tuzo ya Oganda Rabuor

Vijana wa kundi letu la maigizo, mmeniandikia kwamba siku ya kuniaga pale Homa Bay mtaweka meza mbele, yenye kitambaa cheupe, na juu yake tuzo zangu zote. Mmeniomba nizilete mapema ili zipigwe picha. Zaidi ya zote mnaitaka ile kubwa ya Nairobi, ile ya kioo, kwa kuwa wageni wataiulizia. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mke wangu akaja kuangalia kama niko mzima. Nitaleta zilizopo, mzione zilivyo. Ile kubwa sitaileta, na kwa kuwa nasikia kuna wanaosema niliiuza, heri niwaeleze iko wapi. Lakini nitaanzia mwanzo, maana mzee aliyestaafu hana haraka ya kwenda popote.

Nilianza kazi kwa Madam Pamela, mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyekuwa na kundi la kuigiza vitabu vya mtihani mashuleni. Mnafika asubuhi, mnatundika shuka mbili kwenye ukumbi wa kulia chakula, mnaigiza mbele ya watoto ambao hawajaja kwa ajili ya sanaa, wamekuja kusikia swali gani litatoka. Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwenye shule ya bweni ya wasichana upande wa Asumbi. Nilipewa nafasi ya babu. Nilikuwa kijana mwembamba asiye na hata ndevu, na mvi zangu zilikuwa unga wa muhogo. Hakuna aliyeniambia kwamba unga wa muhogo ukikutana na jasho unageuka uji. Kufika onyesho la pili, babu alikuwa akichuruzika uji masikioni, na alipokata roho ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

Madam Pamela hakunipa pole. "Kesho anza na majivu, halafu unga kidogo juu yake," aliniambia. "Na usilaumu watoto wa watu. Wamecheka kitu cha kuchekesha."

Kundi letu halikuwa na vifaa. Kiti cha babu tuliazima kwa mwalimu mkuu, mkongojo kwa mlinzi, sufuria kwa wapishi, na kuku, kama mchezo ulihitaji kuku, kwa mama yeyote jirani na shule aliyekuwa na moyo wa kutuamini. Madam alikuwa na sheria moja, na wengi walimwacha kwa sababu yake: hakuna kula kabla ya kila kilichoazimwa kurudi kwa mwenyewe. Si kuachwa mlangoni. Kurudi mkononi mwake, pamoja na asante. Mwenzetu mmoja aliwahi kuukabidhi mkongojo kwa mlinzi wa zamu nyingine, na sote tukakaa na njaa hadi mlinzi wa kwanza alipopatikana. Madam alisema kitu kinaazimwa kwa mtu, hakiazimwi kwa mahali. Tuliokuwa na njaa tulimwona mkorofi tu.

Sasa tuzo, maana ndizo mlizoulizia. Ya kwanza ni cheti cha tamasha la wilaya, Mwigizaji Bora wa Kiume. Nilikikumbatia hadi nje ya ukumbi, na huko nje nikakuta waigizaji bora wa kiume tuko saba. Mpiga chapa alitoa nakala nyingi na mratibu hakutaka zipotee bure. Ya pili ni ngao ya mbao yenye picha ya mtu anayepiga mpira. Walikosa ya uigizaji dukani, wakaniambia maana ni ile ile, bora ushindi. Ya tatu ni chupa ya chai niliyopewa Migori siku ya utamaduni, baada ya hotuba nane za watu ambao hawajawahi kuona mchezo wa kuigiza. Hiyo chupa siidharau, mpaka leo inatunza joto.

Mnaopenda kusema kwamba mashabiki ndio tuzo halisi, nawaonea huruma. Nilipoanza kuonekana kwenye runinga, katika mchezo mmoja wa mfululizo, nilikuwa ofisa wa forodha mla hongo. Mwaka ule sikuweza kupita mpakani Isebania kwa amani. Wabadilishaji pesa walikunja noti waliponiona, na dereva mmoja wa lori akashuka na karatasi zake zote mkononi.

"Mkubwa, hii mzigo ni ya mahindi tu, angalia mwenyewe."

Nikamwambia mimi si ofisa, mimi ni mwigizaji.

"Najua," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini sema na wenzako."

Watu wakikutambua namna hiyo hutambuliki wewe, anatambulika mwingine aliyeazima uso wako. Lakini angalau dereva yule aliniita mkubwa. Jijini Nairobi sijawahi kuitwa hivyo.

Basi tuje kwenye filamu iliyoniletea ile tuzo kubwa. Mwongozaji wake alitoka Nairobi na kofia ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Kila mtu alimwita Dairekta, nami nitamwita hivyo hivyo. Mimi nilicheza Oganda Rabuor, mzee wa machimbo ya dhahabu anayetajirika, anayegombana na wanawe, kisha anakufa na kuzikwa katikati ya filamu ili wanawe wapate nafasi ya kugombana vizuri zaidi. Tulipiga picha Macalder, kule Nyatike, katika boma la mjane mmoja ambaye wote humwita Min Ouma, mama yake Ouma. Ouma ni mwanawe wa pekee, mchimbaji. Boma lilipendeza: nyumba ya bati, ua wa miti ya ojuok yenye utomvu, na kilima nyuma yake kilichotobolewa mashimo na wachimbaji.

Dairekta alitaka kaburi la kweli. Akawapata Ouma na wachimbaji wenzake, na watu wale kwa kuchimba hawana mpinzani. Nilipoona wanapima urefu, nilimfuata Dairekta.

"Kaburi hapa haichimbwi hivi hivi," nilimwambia. "Ikichimbwa, inataka mtu. Isipopata, lazima mgomba izikwe mahali pake, na wazee waitwe."

"Mzee, relax. Hii ni set tu. Tukimaliza tunafukia, hata nyasi tunapanda."

"Kwako ni set. Hapa ni boma ya mtu."

Akanipigapiga begani. Mtu akikupigapiga begani ujue hajasikia.

Mimi kwenye jeneza sikuingia. Mama yangu alikuwa hai bado, na sikuwa nimelewa. Wakakata mgomba, wakaufunga blanketi, wakaulaza humo. Jeneza lenyewe lilikuwa la kukodi kwa fundi mmoja wa mjini Migori. Jioni ile alirudishiwa, na baadaye nina hakika aliliuza kama jipya. Sitaki kujua ni nani aliyelala ndani.

Kisha wakaletwa kina mama wa kijiji. Wakaambiwa walie kidogo. Nyatike hakuna kulia kidogo. Mama mmoja aliuliza marehemu anaitwa nani, ni mtu wa aina gani, aliacha nani. Akajibiwa: Oganda Rabuor, mchapakazi, ana wana watatu. Hapo wakaanza kumlia kwa jina, wakamsifu, wakamlaumu kwa kuwaacha, wakamtungia nyimbo papo hapo. Mimi mwenyewe niliyesimama nyuma ya kamera nikiwa mzima nilianza kumhurumia marehemu. Jeneza likashuka. Dairekta akasema kata, rudieni. Jeneza likapandishwa. Likashuka tena, likapandishwa tena. Mara ya tatu Min Ouma hakulia. Alikuwa amesimama kando akiangalia kitu kinaingia kaburini na kutoka, kinaingia na kutoka, ndani ya boma lake. Jua lilipoelekea kuzama shimo likafukiwa likiwa tupu, mgomba ukatupwa nje ya ua, na magari yakaondoka na chakula chao cha kufungwa kwenye karatasi. Walikula kwanza, mtaona wenyewe tofauti na Madam Pamela.

Filamu ikasifiwa. Majaji waliandika kwamba katika tukio la mazishi nilionyesha utulivu wa mwili usio wa kawaida. Mgomba haujawahi kupata sifa kama hizo.

Siku ya tuzo nilikwenda Nairobi na suti ya shemeji. Mshereheshaji alilitamka jina langu kwa namna ambayo mke wangu, aliyekuwa ameketi karibu nami, hakujua kwamba ni mimi nimeitwa. Nilifika jukwaani, nikasema "Namshukuru Madam Pamela," na muziki wa kunifukuza ukaanza hapo hapo. Kabla yangu binti mmoja aliyeshinda tuzo ya mavazi alishukuru ukoo mzima hadi mbwa wake, na hakuna aliyempigia muziki. Nikapewa kioo kizito chenye umbo la ndimi za moto, au majani ya sukuma wiki, sijawahi kuelewa. Kule nje nikasoma maandishi. Mwigizaji Bora wa Kiume: Oganda Rabuor. Basi. Jina langu halikuwepo popote.

Nilimwendea dada aliyekuwa na orodha ya washindi.

"Lakini si Oganda ni wewe?" akaniuliza.

"Huyo alikufa kwenye filamu."

"Aki pole, mzee. Tutarekebisha."

Bado wanarekebisha. Nilikasirika, sitawadanganya. Miaka yote ile, na tuzo moja ya maana imekwenda kwa mtu ambaye hajawahi hata kuzaliwa. Nyumbani mke wangu aliitia kazini mara moja: iliwekwa juu ya kifuniko cha chungu cha maziwa ili paka asifunue. Kazi hiyo iliiweza.

Mvua mbili zilipita. Siku moja Min Ouma akanipigia simu. Tuliongea Kijaluo, lakini nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa kundi letu sasa lina watu wa kila pembe.

"Wewe ndiye uliyekuwa Oganda?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi njoo umwondoe. Mwanangu hana kazi."

Nikaenda. Nikakuta haishi kwake. Alikuwa analala kwa jirani, mama mzima wa umri ule, na kwake anakwenda mchana tu kulisha kuku. Mdomo wa shimo moja la machimboni ulikuwa umeporomoka Ouma akiwa ndani. Alitoka hai na mkono uliovunjika, ukapona. Lakini machimboni mtu hashuki peke yake. Unashuka kwa kamba, na juu yuko mwenzako anayeishika, na uhai wako uko kwenye viganja vyake. Ouma aliporudi, hakuna aliyekubali kumshikia kamba. Hawakumtukana. Walimwambia tu kwamba boma lao lina kaburi lililoliliwa na halina mtu, na kaburi la namna hiyo linatafuta. Likimtafuta yeye akiwa chini, litaondoka na aliye juu pia. Ouma alikuwa na watoto wanne na hajui kazi nyingine. Sasa alikuwa anapepeta mchanga uliokwisha kupepetwa na wengine, kazi ya wazee wasiojiweza.

"Na mimi nitakufa nimwache hivi," Min Ouma aliniambia. "Ataanza kushuka peke yake. Namjua."

Nilimpigia Dairekta simu pale pale. Alifurahi kunisikia.

"Mzee! Hiyo project si ilishaisha? Na tulifukia, uliona mwenyewe."

Nikamweleza habari ya Ouma na kamba.

"Wow. Hiyo ni story kali. Hebu iandike, tunaweza kufanya part two."

Nilikata simu. Sijui kama mtu anaweza kuombwa radhi na mwingine asiyejua kosa ni nini, kwa hiyo sikuisubiri.

Wazee wakaitwa. Aliyewaongoza alikuwa shemeji ya Min Ouma, mzee mkavu aitwaye Nyakwaka, ambaye hakuwa ameona filamu yetu na hakuona kama amepungukiwa kitu. Mimi nikapendekeza mgomba, kama nilivyomwambia Dairekta.

"Mgomba mlishautia mkautoa," Nyakwaka akasema. "Mara tatu. Utaupeleka tena na uso gani?"

Mwingine akataja tunda la yago, lile refu ambalo hapa kwetu huzikwa kwa niaba ya mtu aliyepotea na mwili usionekane. Nyakwaka akakataa hilo pia. Yago ni ya mtu wa ukoo unaojulikana. Huyu Oganda Rabuor baba yake ni nani? Nikasema hana baba. Aliandikwa na kijana mmoja wa Nairobi kwenye kompyuta. Wazee wakatazamana, wakanitazama, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii niliona haya kuitwa mwigizaji.

Ni Min Ouma aliyeuliza. Alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka, amenyoosha miguu.

"Huyo mtu wenu hakuacha kitu? Kofia? Fimbo?"

Nikamwambia kofia na fimbo vilirudi Nairobi, na nimeshaviona kwenye tangazo la sabuni. Kisha nikasema, kwa hasira tu, si kwa kutoa wazo, kwamba kitu pekee chenye jina lake ni kioo kimoja kilichoko Homa Bay kinachozuia paka asinywe maziwa.

Wazee wakasogea karibu.

"Jina lake limeandikwa?" Nyakwaka akauliza.

"Limechongwa."

"Na lako?"

"Langu halimo."

"Una hakika? Maana kama limo, tutakuzika wewe."

Nilirudi siku ya pili yake nikiwa nayo ndani ya gunia. Nyakwaka alimwita mjukuu wa jirani, msichana wa sekondari, aisome. Akamwambia aisome tena, polepole, mbele na nyuma na chini ya kitako. Jina langu lilikuwa halipo kweli. Uzembe wa watu wa Nairobi, ambao nilikuwa nimeulaani tangu siku ile ya tuzo, ndio ulioifanya tuzo ile ifae kwa kitu duniani.

Wachimbaji walikuja kufukua. Sikuwa nimewaita, wala Ouma. Walikuja na majembe yao na walichimba bila kumwangalia usoni, na yeye akachimba kati yao. Min Ouma akaifunga tuzo kwenye leso yake mwenyewe, si kuukuu, ile ya kanisani. Kina mama wakafika, wale wale. Wakaanza nyimbo zile zile walizomtungia Oganda siku ile, hawakuwa wamesahau hata moja. Hakuna aliyesema kata. Walilia mpaka walipotosheka, na wakanyamaza walipotaka wao. Kijana mmoja alitoa simu apige picha. Min Ouma akamtazama, na simu ikarudi mfukoni.

Nyakwaka akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye marehemu. Sema."

Nilisimama ukingoni. Nimesema maneno ya watu wengine maisha yangu yote, mengine ya kipuuzi sana, na siku hiyo hapakuwa na aliyeniandikia. Nikamkumbuka Madam Pamela, aliyekwisha kufariki, na mkongojo wa mlinzi, na njaa yetu.

"Oganda, tulikuazima," nilisema. "Tuliazima na boma la mama huyu. Leo tunarudisha."

Nilingoja nikidhani nitaongeza kitu. Hakikuja kingine, na hakuna aliyenipigia muziki. Ouma akashuka shimoni, akapokea leso kwa mikono miwili, akailaza chini. Alipotaka kupanda, mchimbaji mmoja anayeitwa Odhis, aliyekuwa mshika kamba wake wa zamani na wa kwanza kumkimbia, alimnyooshea mkono akamvuta juu. Wakachukua majembe wakafukia.

Usiku huo Min Ouma alilala kwake. Jumatatu asubuhi alinipigia simu.

"Ameshuka," alisema. "Odhis ameshika kamba."

Hapo ndipo nilipolia, tena bila kitunguu.

Juzi Dairekta amenitafuta. Kuna maonyesho ya filamu zetu za zamani, kwake miaka michache ni zamani, na ametaka ile tuzo iwekwe kwenye kabati la vioo. Nilimweleza iko wapi na imefikaje huko. Nikadhani ameelewa. Kisha akaniuliza kama haiwezi kufukuliwa siku moja tu, ipigwe picha, halafu wafukie wao wenyewe vizuri.

Kwa hiyo kwenye meza yenu wekeni cheti, ngao ya mpira na chupa ya chai, na chupa iwe na chai. Viti na kitambaa mtakavyoazima, nitawauliza mmeviazima kwa nani, na hakuna atakayekula kabla sijajibiwa. Nafasi ya tuzo kubwa iacheni wazi. Wageni wakiuliza, Min Ouma atawaeleza, maana nimemwalika na ameahidi kuja, muwekeeni kiti cha mbele. Ouma ameomba radhi. Siku hiyo ni siku ya kazi.